Usiku wa Baada ya Upasuaji

Kwetu Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mtoto mwenye midomo ya buluu aliitwa mdhaifu tu, basi. Miaka ya 1990 tulimzika mwenzetu wa hivyo, sote tukiwa darasa la pili.

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wachache walipelekwa India au Israeli. Mwaka 2015 ikaja Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Sisi waandishi (na mimi nimo) hukimbilia kumpiga picha aliyeshika kisu. Daktari wa ICU ya watoto tunamruka. Kumbe usiku ni wake: anapima mkojo mililita kwa mililita, anatazama damu kwenye mrija wa kifuani, anapunguza mashine ya kupumulia kidogo kidogo. Saa za mwanzo, moyo uliotoka kushonwa unaweza kudhoofika zaidi kabla haujapata nguvu.

Kutoka kwetu hadi kitanda hicho ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwanza lazima mtu wa zahanati aweke kipimo kifuani, asikilize vizuri.