Nyumba salama za Mara

Nyumba salama za Mara ni makazi ya muda kwa wasichana wanaokimbia ukeketaji, ndoa za utotoni na aina nyingine za ukatili wa kijinsia katika Mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania. Zinaendeshwa na asasi za kiraia na taasisi za dini.

## Historia
Nyumba ya Mugumu, wilayani Serengeti, ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana. Mwaka 2017 mwanaharakati Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa utotoni, alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania. Shirika hilo lina nyumba pia Kiabakari, wilaya ya Butiama. Huko Tarime, kituo cha Masanga hupokea wasichana na kuwaandalia sherehe ya kuingia utu uzima bila kukatwa.

## Utendaji
Wasichana wengi hukimbia wakati wa likizo ya Desemba, ambapo ukeketaji hufanyika zaidi. Hupokelewa kwa ushirikiano na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi pamoja na maafisa ustawi wa jamii. Msimu ukipita, wazazi huitwa kwa mazungumzo na kuahidi kwa maandishi kutomkeketa binti yao. Wakikataa, msichana hubaki katika nyumba na kuendelea na masomo.

## Sheria na haki
Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu. Mlezi wa mtoto chini ya miaka 18 anayesababisha akeketwe anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Kifungu hicho hakiwataji wanawake wenye umri wa miaka 18 na kuendelea.

Ugumu mkubwa uko katika ushahidi: shahidi mkuu mara nyingi ni mtoto, na washtakiwa ni wazazi wake. Hivyo anayedai haki mahakamani huenda akapoteza nyumbani kwao, na kwa sababu hiyo asasi huunganisha mashtaka na usuluhishi wa familia.

## Takwimu
Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16 na asilimia 28 mwaka 2022. Wastani wa kitaifa ulikuwa asilimia 10, kisha 8.