Ukibadili kazi, unabeba nini? Historia ya gemu za Kijapani kutoka Nakivale

Wiki hii tunaandika historia ya gemu. Tunajua wazee wakiona kichwa hiki watasema vijana wamekosa kazi. Sawa tu, maana mada yenyewe ni hiyo: kazi.

Gemu tunazozisema mnazijua. Ni zile za Kijapani za zamani, zenye picha ndogo ndogo za nyumba na miti. Kundi la watu watatu au wanne linatembea kwenye ramani, likikutana na mazimwi wanapigana kwa zamu, huyu apige, yule naye apige. Ukishinda unapata pointi, pointi zikitosha unapanda levo. Zilitengenezwa kwa mashine za kuchomeka kwenye televisheni, lakini nyingi siku hizi zina toleo la simu. Kwa Kiswahili hatujaona hata moja. Basi sisi tunacheza watano kwenye simu moja: mmoja anasoma Kiingereza, mwingine anageuza Kiswahili, waliobaki wanabishana na tafsiri.

Ubishi ulianzia kwenye majina ya kazi. Katika gemu hizi kila mtu ana kazi yake, na kazi ndiyo inaamua ashike silaha gani, avae nini, ajifunze nini. Kuna wachawi wa aina tatu, mweupe, mweusi na mwekundu. Sasa yule mweupe anatibu watu. Kwa lugha zetu zote, anayetibu watu haitwi mchawi hata siku moja! Tukakubaliana: mweupe ni mganga, mweusi ndiye mchawi, na mwekundu tukamwita wa katikati, kwa sababu anajua kidogo huku na kidogo kule.

Ubishi wa pili ndio ulituleta kwenye historia. Mtu akibadili kazi, anabeba nini kutoka kazi yake ya zamani? Huku kwetu hilo si swali la gemu tu. Kuna mtu aliyefundisha hesabu Uvira miaka mingi, leo anauza mkaa. Kuna muuguzi anayelima mahindi, na fundi cherehani anayelinda geti la watu Mbarara mjini. Watengenezaji wa gemu wamelijibu swali hilo tangu kabla sisi hatujazaliwa, na wamelijibu kwa namba. Kila jibu ni uamuzi wa mtu fulani aliyekaa mezani akasema, hapa tumpunguzie nusu, hapa tumwachie.

Mwanzo si Japani, ni Marekani. Mchezo wa mezani Dungeons & Dragons ulitoka 1974, na ndani yake kila mchezaji alikuwa mpiganaji, mchawi au kasisi. Mwaka 1981 Robert Woodhead na Andrew Greenberg, waliokuwa Chuo Kikuu cha Cornell, walitoa gemu ya kompyuta inayoitwa Wizardry. Humo unaruhusiwa kubadili kazi, lakini uone bei yake. Levo inarudi moja. Nguvu na akili zinashuka hadi pale chini kabisa panapokubalika kwa kabila lako. Mazingaombwe uliyojifunza unabaki nayo. Halafu unazeeka: ukitoka kwenye mafunzo mapya, umri wako umeongezeka miaka. Tulipoisoma hiyo tulicheka, kisha tukanyamaza kidogo. Gemu nyingi zinahesabu damu na dhahabu. Hii ilihesabu miaka inayoliwa na kuanza upya.

Wajapani waliipenda sana Wizardry, na mmoja wa wapenzi wake alikuwa Yuji Horii, baba wa Dragon Quest. Lakini kabla ya kufika kwake tupite kwa jirani yake. Tarehe 18 Desemba 1987 kampuni ya Square ilitoa Final Fantasy ya kwanza. Kazi ni sita: mpiganaji, mwizi, mpigana mikono, na wale wachawi watatu. Unachagua watu wanne kabla hata hujaona ramani, na ndiyo basi, kubadili hamna. Katikati ya safari ukimpelekea joka Bahamut mkia wa panya anawapandisha vyeo, mwizi anakuwa ninja, mpiganaji anakuwa shujaa wa ngome, lakini kila mtu anabaki kwenye njia yake ileile. Makundi yanayowezekana ni 126, na wengi wetu tulichagua baya. Gemu nzuri, ila swali letu inalikwepa.

Dragon Quest III, ya kampuni ya Enix, ilitoka miezi miwili tu baadaye, tarehe 10 Februari 1988. Hapa tukae.

Kaseti yake ilibeba kilobaiti 256. Picha moja ya simu yako inazidi hapo. Nafasi ilikuwa finyu mpaka ile picha nzuri ya kufungulia gemu ikaondolewa, ukiwasha unaona maandishi tu kwenye weusi. Mtu mwenye shida ya nafasi kiasi hicho anaonyesha anachokithamini kwa kile anachokataa kukikata. Na Horii hakukata hekalu la Dharma, mahali unapokwenda kubadili kazi.

Neno lililotumika pale kwa Kijapani ni tenshoku, neno la kawaida kabisa la mtu kuacha kazi hii na kwenda nyingine. Tukumbuke Japani ya wakati ule: baba akiingia kampuni kubwa, alitarajiwa kukaa humo mpaka kustaafu. Watoto wao ndio walioketi mbele ya televisheni wakimuuliza kasisi wa Dharma kama mtu anaweza kuwa kitu kingine.

Kasisi anakubali, kwa masharti. Lazima uwe umefika levo 20, maana yake kazi ya kwanza umeifanya kweli. Unarudi levo moja. Nguvu zako zote zinakatwa nusu. Lakini mazingaombwe yote unabaki nayo, na ile nusu iliyobaki bado ni kubwa kuliko ya mtu anayeanza. Levo za mwanzo zinapanda haraka, kwa hiyo baada ya muda mchawi aliyegeuka mpiganaji anampita mpiganaji wa kuzaliwa. Shujaa mkuu peke yake, mtoto wa jina kubwa, haruhusiwi kubadili kazi kabisa.

Tena kuna kazi ya bure kabisa, mtu wa kucheza tu. Ukimtuma apigane anatoa vichekesho. Kazi ya juu kuliko zote ni mwenye hekima, anayejua tiba na uchawi vyote viwili, na wengine wakiitaka lazima wawe na kitabu maalum. Mcheza tu akifika levo 20 anaipata bila kitabu. Baadhi yetu tunamtumia kama ushahidi nyumbani. Mpaka sasa hakuna mzazi aliyekubali ushahidi huo.

Na kuna mfanyabiashara. Vitani hana maana sana, sifa yake ni kuokota dhahabu zaidi na kutambua thamani ya vitu. Watu hawamtaki. Lakini mbali kwenye nyika tupu kuna mzee mmoja ambaye ndoto yake ni mji, na anaomba umwachie mfanyabiashara mmoja. Ukimwacha, hatoki tena kwenda nawe. Unaendelea na safari zako, ukirudi unakuta duka. Ukirudi tena, nyumba, barabara, ukumbi wa burudani, na mji umepewa jina la yule rafiki yako uliyemwacha. Ukirudi tena watu wamemchoka kwa kuwafanyisha kazi kupita kiasi, wamempindua, yuko jela. Na ni yeye, akiwa jela, anayekuelekeza lilipo jiwe la njano ambalo bila hilo safari haiishi.

Sisi tunaishi kwenye mji wa namna hiyo. Nakivale ilifunguliwa 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, ikapokea Wanyarwanda waliokimbia fujo za 1959, hapa panapoitwa leo wilaya ya Isingiro. Baadaye wakaja wengine, Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia. Familia inapewa kipande cha ardhi. Yaani kwa lugha ya gemu, kila anayeingia anapewa kazi ileile ya kuanzia: mkulima. Awe alikuwa dereva, mchungaji au mwanafunzi wa sheria, jembe ni lile lile. Na bado ukipita Base Camp leo unakuta mashine za kusaga, saluni, mahoteli ya chai na chapati, maduka ya Wasomali yenye kila kitu, mafundi simu. Hivyo havikutoka kwenye ardhi. Vilitoka kwenye kile ambacho watu walibeba kichwani, ile nusu ambayo kasisi hakuikata.

Tuwe wa haki pia. Uganda ina Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na kanuni zake za 2010, na humo mkimbizi ana haki ya kufanya kazi na kutembea. Kuna nchi ambazo hekalu la Dharma limefungwa kwa kufuli. Hapa mlango uko wazi. Shida inaanza ukishaingia, na shida hiyo tuliikuta imeandikwa vizuri kwenye gemu nyingine.

Final Fantasy III ilitoka tarehe 27 Aprili 1990. Kazi zikawa 22, na kubadili ni wakati wowote ukitaka, hakuna levo 20, hakuna kupunguzwa nusu. Lakini unalipa. Ukipigana unakusanya pointi za pembeni, na kila kubadili kunazila. Kazi mbili zikifanana unalipa kidogo, zikiwa mbali unalipa nyingi. Na lazima uvue vyote ulivyovaa kwanza. Sisi tunaiita gemu ya nauli. Aliyesoma Bukavu au Bujumbura ana vyeti vya Kifaransa, na huku mambo yanakwenda kwa Kiingereza. Kutafsiri, kulinganisha, kugonga mihuri, kurudi Mbarara mara ya tatu kwa sababu karatasi moja imekosekana: haki unayo, pointi ndizo zimekwisha. Kazi ikiwa mbali zaidi na jembe, nauli inazidi. Uuguzi uko mbali sana na jembe. Kuuza mkaa kuko karibu.

Halafu ikaja ile ambayo kundi letu zima linaipenda, Final Fantasy V ya tarehe 6 Desemba 1992. Watengenezaji walikuwa na kaseti kubwa mara nane ya ile ya Dragon Quest III, lakini si ukubwa ulioleta wazo. Wazo lilikuwa kutenganisha mtu na kazi. Levo ni ya mtu, haishuki hata abadili mara mia. Kazi ina hesabu yake pembeni, na ukiifanya muda wa kutosha inakuachia ujuzi mmoja, kisha mwingine. Ujuzi ukishaupata ni wako. Ukihamia kazi nyingine unachagua mmoja wa zamani uende nao: mpigana mikono anayetibu, mwizi anayejua kuita radi. Mmoja tu, lakini wa kuchagua mwenyewe.

Na kuna kazi inayoitwa kwa Kijapani suppin, neno la uso usiopakwa vipodozi. Ndiyo hali ya kwanza kabisa, mtu asiye na kazi yoyote. Mwanzoni ni dhaifu, kila mchezaji anaikimbia. Lakini kila kazi unayoimaliza inamwachia yule asiye na kazi nguvu zake, na kwa hali hiyo anaruhusiwa kubeba ujuzi wa zamani miwili badala ya mmoja. Mwisho wa gemu, unapofika mlango wa adui mkubwa, unawavua watu wako kazi zote, nao wanaingia wakiwa wao tu. Tulipogundua hilo mmoja wetu alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Gemu hiyo haikutoka rasmi nje ya Japani mpaka 1999, eti nyingine zilikuwa rahisi kueleweka. Sisi hatukubali. Mtoto yeyote wa Juru angeielewa siku ya kwanza.

Baada ya hapo wengi walifuata njia ile, Bravely Default mwaka 2012 kwa mfano, kazi kuu moja na ya pili pembeni. Hatuna la kuongeza hapo.

Lakini yupo mtengenezaji mmoja aliyetoka huku huku. Lual Mayen, wa Sudan Kusini, alikulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, dola 300, akamnunulia kompyuta, na kuichaji ilikuwa safari ya masaa matatu kwa miguu. Gemu yake inaitwa Salaam, na mwaka 2018 alitambuliwa kwenye tuzo za The Game Awards. Katika Salaam mchezaji ni mtu anayekimbia vita, anahitaji maji, chakula na dawa. Hakuna mpiganaji, mganga wala mwizi wa kuchagua. Wengine kwetu walilalamika kwamba haina kazi. Sisi tunaona alichagua sawasawa, kwa sababu njiani hakuna anayekuuliza ulikuwa nani. Swali la kazi linakuja ukishafika, siku unapojaza fomu.

Na gemu ya baada ya fomu ndiyo tunayoitengeneza sasa, kwa karatasi na kete, kwa sababu kompyuta hatuna. Kazi ziko kumi na moja mpaka sasa, pamoja na dereva wa boda, mkalimani, fundi simu na mama wa chapati. Kila mchezaji anaanza na kadi mbili, kazi aliyokuja nayo na jembe. Kanuni ya kubadili imetushinda. Nusu yetu wanataka hekalu la Dharma, levo moja na nusu ya nguvu, wanasema ndivyo ilivyo kweli. Nusu wanataka ya 1992. Mwalimu wa hesabu anayeuza mkaa alipoulizwa alisoma kanuni zote mbili, akaomba kalamu, akatuonyesha kwamba kwa hesabu zetu mkulima hawezi kufika levo 20 kabla karatasi hazijaisha. Jumamosi tunazirekebisha, saa nane mchana, pale pale chini ya mwembe. Mwenye kete aje nazo, zetu ni mbili tu.