Pikipiki ya zamani ya urithi: namna ya kujua asili yake na piyesi zake

Kuna familia zenye zinabakia na pikipiki ya mzee ndani ya depo: ndefu, iko juu, haina taa, gurudumu la mbele ni kubwa kuliko la nyuma, rangi imetoka. Hakuna anayejua ilitoka wapi. Mmoja anataka kuiuza kwa watu wa vyuma chakavu, mwingine anataka fundi aweke moteri ya taksi-moto ndani. Kabla ya kufanya moja au nyingine, inafaa kujua kwanza kile kitu ni nini. Pikipiki za motokrosi na za njia mbaya zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1960 na 1980 zina watu wanaozitafuta Ulaya na Marekani, na piyesi moja ya kweli, kama kaburateri au tanki, inaweza kuwa na bei kuliko chuma chote kikipimwa kwa kilo.

Haya ni maelezo ya hatua kwa hatua. Hayaombi mashine kubwa. Yanaomba brosi, esansi kidogo, chaki, simu yenye kamera na uvumilivu.

Ni ya mashindano ao ya barabara?

Swali la kwanza ni hili. Makampuni makubwa manne ya Japani yalitengeneza namna mbili zinazofanana kwa macho. Yamaha YZ, Honda CR, Suzuki RM na Kawasaki KX ni za motokrosi, yaani za mashindano tu. Yamaha DT na XT, Honda XL, Suzuki TS na Kawasaki KE ni za barabara na za njia mbaya.

Ile ya mashindano haina batri, haina konteri ya kilomita, haina ufunguo, haina klinyoteri. Tena haikuundwa na nafasi ya kuviweka: angalia kwenye kadere kama kuko vishikizo vya taa vilivyokatwa. Kama vipo, basi ni ya barabara, mtu aliivua nguo. Kama hakuna hata alama, inawezekana ni motokrosi ya kweli.

Jambo hili lina maana kwa karatasi. Pikipiki ya mashindano haikuuzwa ili itembee barabarani. Kwa hiyo familia isishangae kukosa kadi ya rangi ya waridi ndani ya masanduku ya mzee.

Namba mbili: ya kadere na ya moteri

Namba ya kadere mara nyingi iko kwenye shingo, pale gidoni inapozungukia. Namba ya moteri iko kwenye mwili wa moteri, chini ya silindi. Safisha kwa brosi na esansi. Usitumie meule wala lima, juu ukikwangua unaharibu ushahidi wenyewe. Kisha paka chaki juu ya herufi na upangushe: chaki inabakia ndani ya mashimo na namba inasomeka. Piga picha taa ikiwa upande.

Kila kampuni ina desturi yake. Yamaha ya miaka hiyo inaanza na kodi ya modeli. Kwa DT-1, iliyotoka mwaka 1968, herufi zenyewe ni DT1. Baadaye wakatumia alama tatu, kama 1E6 kwa XT500 iliyotoka mwaka 1976. Kwa Yamaha nyingi za wakati ule namba ya kadere na ya moteri ni sawa. Zikitofautiana, moteri ilibadilishwa.

Honda ni tofauti: namba hizo mbili hazifanani hata mashine ikiwa mpya. Kadere ya Honda XL250 inaanza na XL250, moteri yake inaanza na XL250E. Ile CR250M ya mashindano, iliyotoka mwaka 1973, kadere inaanza na CR250M na moteri CR250ME. Mtu asikwambie "Honda yako ni ya kuchanganya" kwa sababu tu namba ni mbili.

Kuanzia miaka ya 1980 ilikuja namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Herufi ya kwanza inaonyesha eneo: J ni Japani, L ni China, M ni pamoja na India, Z ni pamoja na Italia. Ndiyo maana Bajaj na TVS za wamotari zinaanza na M. Kama pikipiki ya mzee ina namba fupi, yenye tarakimu kidogo, hiyo si alama ya ubaya. Ni alama ya uzee.

Chunga tu jambo moja: chuma kilichopigwa lima kuzunguka namba, herufi zisizo na kina kimoja, ao solderi mpya kwenye shingo. Hapo kuko maswali ya kujibiwa kabla ya kuuza ao kununua.

Umbo linasema mwaka

Namba zikikosekana, mwili wa pikipiki unasema wenyewe.

Amortiseri mbili za nyuma zikisimama karibu wima, karibu na ekseli ya gurudumu, ni mashine ya kufika mwaka 1973 hivi. Zikilala na kusogezwa mbele, ni ya kuanzia 1974, wakati watengenezaji walitafuta gurudumu lipande na kushuka zaidi. Amortiseri moja katikati ilikuja kwenye Yamaha YZ mwaka 1975. Honda na Suzuki waliweka zao mwaka 1981.

Silindi yenye mapezi ni ya kupozwa na hewa. Radiateri ya maji kwenye mashine za 125 za mashindano ilienea kuanzia 1981. Freni ya diski ya mbele ilikuja kwenye Kawasaki KX125 mwaka 1982, wengine wakafuata. Kwa hiyo amortiseri mbili, mapezi na freni za ngoma mbele na nyuma: hiyo ni ya kabla ya 1981, karibu bila wasiwasi.

Piyesi zinataja nchi

Jina kwenye tanki linaweza kudanganya, tanki linabadilishwa kwa nusu saa. Angalia vile vitu vidogo.

Kaburateri ya Mikuni inaelekea Yamaha, Suzuki ao Kawasaki. Keihin inaelekea Honda. Bing ni ya Ujerumani, na ilipatikana kwenye Maico na KTM. Amal ni ya Uingereza, lakini Bultaco ya Hispania pia iliitumia. Jikov ni ya Chekoslovakia, hiyo inaelekea CZ ao Jawa. Dell'Orto ni ya Italia.

Umeme wa Motoplat ao Femsa unatoka Hispania. Foki ya Ceriani ao Marzocchi ni ya Italia. Amortiseri za Betor na janti za Akront ni za Hispania, Girling ni ya Uingereza, Kayaba na Showa ni za Japani. Piyesi moja haitoshi. Tatu ao ine zikisema nchi moja, umeshika njia.

CZ na Suzuki zina historia na Ubelgiji. Mbelgiji Joël Robert alichukua ubingwa wa dunia wa 250 mara sita kati ya 1964 na 1972, tatu juu ya CZ na tatu juu ya Suzuki. Roger De Coster alichukua ule wa 500 mara tano juu ya Suzuki, kati ya 1971 na 1976.

Hata visi zinasaidia. Visi za msalaba za Japani mara nyingi zina nukta ndogo kichwani. Turnavisi ya kawaida inazikula. Tumia yenye inaingia sawasawa, gonga kidogo kwanza, kisha fungua.

Pima moteri

Kama kichwa cha silindi kimefunguliwa, pima upana wa tundu na urefu wa safari ya pistoni, kwa sentimita. Zidisha upana kwa upana, kisha kwa urefu, kisha kwa 0,785. Mfano: upana 7 na urefu 6,4 inatoa karibu 246. Hizo ndizo hesabu za Yamaha DT-1, yenye inaitwa 250. Upana 5,6 na urefu 5 inatoa 123, yaani 125 ya DT125.

Pistoni ikiandikwa 0,25 ao 0,50 juu yake, maana silindi ilishapanuliwa. Usiagize pistoni ya kawaida, itacheza ndani.

Namba ya piyesi nayo ina lugha. Kwa Yamaha alama tatu za kwanza ni modeli, na tarakimu tano zinazofuata ni kazi: 11631 ni pistoni. Kwa Honda ni kinyume: tarakimu tano za kwanza ni kazi, 13101 ni pistoni, na zile tatu za katikati ni modeli, kama 357 kwa CR250M. Anayeagiza kutoka Kampala ao Ulaya kwa kusema tu "pistoni ya Yamaha ya zamani" anatupa feza.

Usiiwashe haraka

Hapa ndipo mashine nyingi zinakufa. Motokrosi za zamani nyingi ni za taimu mbili, na hazina tanki la mafuta ya moteri. Mafuta yanachanganywa ndani ya esansi. Vitabu vya miaka ya 1970 mara nyingi viliandika 20 kwa 1: litre 5 za esansi na mililita 250 za mafuta ya taimu mbili. Ukitia esansi tupu ya kadhafi na kupiga kiki, moteri inaweza kuwaka vizuri, watoto wakafurahi, na baada ya muda mfupi pistoni ikashika.

Kwanza toa buji, tia mafuta kidogo ndani ya silindi, zungusha kwa mkono. Safisha tanki na kaburateri. Ikikataa kuzunguka, usilazimishe.

Karatasi na haki za warithi

Tafuta faktire, karatasi za duane, picha za zamani. Kichwa cha karatasi kinapima wakati: "Congo belge" ni kabla ya katikati ya 1960, "République du Zaïre" ni kati ya 1971 na 1997. Bei iliyoandikwa kwa zaïre haiwezi kuwa ya kabla ya 1967.

Pikipiki ni sehemu ya urithi kama shamba na nyumba. Kodi ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, na mjane ana nafasi yake pia. Baba mdogo hawezi kuiuza peke yake kwa sababu tu ufunguo wa depo uko mfukoni mwake. Familia iandike orodha: namba zote mbili, picha za kila upande, piyesi zilizofunguliwa na mahali ziliko. Wote watie saini.

Na mpaka jibu lipatikane, piyesi zikae pamoja ndani ya sanduku moja, hata ile inayoonekana imeoza. Mnunuzi anayejua atauliza kaburateri ya kwanza iko wapi, na hapo ndipo bei inapanda ao inaanguka.