Sinema ya Majestic (Zanzibar)

Majestic ni jumba la sinema lililoko Vuga, Mji Mkongwe, Unguja. Historia yake inaanza mwaka 1921, pale ukumbi wa Royal ulipojengwa kwa ajili ya filamu na maonyesho ya jukwaani. Mwenye mali alikuwa Hassanali Adamjee Jariwalla, na msanifu wake John Sinclair, yule yule aliyebuni jumba la makumbusho la Beit el Amani. Jengo hilo liliteketea kwa moto katika miaka ya 1950. Mwaka 1955 likasimama jipya lililoitwa Majestic, la mtindo wa art deco, kazi ya Dayalji Pitamber Sachania.

Majestic, Empire na Sultana ndizo zilizokuwa sinema kuu za mji wakati huo, na Jumapili ilikuwa siku ya filamu za Kihindi. Familia zilivaa vizuri, tiketi zikalanguliwa mlangoni, na nyimbo za filamu za mwigizaji Raj Kapoor ziliimbwa na watu wasiojua Kihindi. Yalikuwepo pia maonyesho ya wanawake peke yao, jambo la thamani kubwa katika mji ambao wanawake wengi hawakuwa na pahali pengine pa starehe nje ya nyumba na shughuli za harusi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 sinema zilitaifishwa. Baadaye video na televisheni zikawabakiza watazamaji majumbani. Majestic ikafungwa, na paa lake likaporomoka. Wahifadhi na wasanii wa Zanzibar wanataka irudi kuwa ukumbi wa filamu na muziki, na jengo linastahili.