Sikio linapiga "vuu, vuu" kama moyo? Zijue sababu na tiba yake

Taa zimezimwa, nyumba iko kimya, kichwa kimeshafika kwenye mto. Mara sikio linaanza: vuu, vuu, vuu. Mtu akipanda ngazi linaenda mbio, akitulia nalo linatulia. Wengine hudhani mdudu kaingia sikioni, wengine hawasemi kabisa wasije wakaambiwa wamerogwa.

Kelele hii si sawa na ule mlio wa "ngiii" ambao watu wengi wanaujua, unaokuja na umri au baada ya kukaa miaka mingi karibu na mashine na muziki mkubwa. Hii ya mapigo mara nyingi ni sauti halisi, yaani damu yenyewe ikipita. Kwa baadhi ya wagonjwa, daktari akiweka kifaa chake cha kusikilizia mapigo shingoni au nyuma ya sikio, naye anaisikia.

Kuitambua ni rahisi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, tafuta mapigo, kisha sikiliza. Vikienda pamoja, ndiyo yenyewe.

Kwa nini damu isikike? Ateri kubwa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo hupita ndani ya mfupa uleule uliobeba sikio, na mshipa mkubwa unaorudisha damu unapita chini yake tu. Kwa kawaida damu hutiririka kimya. Ikienda kwa kasi, au njia ikiwa nyembamba, inafanya kelele kama mto unaopita kwenye mawe.

Sababu za kasi ndizo za kuangaliwa kwanza, maana vipimo vyake ni vya bei nafuu. Upungufu wa damu humlazimisha moyo kusukuma kwa nguvu zaidi. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta hali hiyohiyo, pamoja na kukonda, kutetemeka mikono na kutokwa jasho. Presha ya kupanda nayo imo. Mjamzito pia anaweza kuisikia kwa sababu damu mwilini huongezeka sana, na mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Ila mjamzito mwenye kelele hiyo pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au kuvimba uso na mikono asisubiri siku ya kliniki, aende hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia.

Wakati mwingine damu haina tatizo lolote. Nta imeziba sikio au maji yamejaa nyuma ya ngoma, sauti za nje zinafifia, na za ndani ya mwili zinasikika zaidi. Hapo daktari akisafisha au kutibu sikio, kelele inapungua.

Sababu moja inakosewa sana: shinikizo la maji yanayozunguka ubongo kupanda. Huwapata zaidi wanawake vijana walioongezeka uzito. Dalili zake ni kichwa kuuma, kelele ya mapigo sikioni, na macho kuingia giza kwa sekunde chache mtu akiinama au kusimama. Mgonjwa anapewa dawa za maumivu, anaambiwa ni mawazo, kumbe mshipa wa fahamu wa jicho unavimba taratibu. Akichelewa anaweza kupoteza uwezo wa kuona moja kwa moja. Daktari wa macho akiangalia nyuma ya jicho anaweza kuuona uvimbe huo. Tiba ni kupunguza uzito na vidonge vya acetazolamide, na wengine huhitaji upasuaji.

Zipo pia sababu za kwenye mishipa yenyewe: ateri ya shingo iliyojaa mafuta kwa wazee, wavutaji sigara na wenye kisukari, uvimbe mdogo wenye damu nyingi nyuma ya ngoma ya sikio, au ateri iliyojiunga na vena mahali isipotakiwa. Hii ya mwisho inaweza kuanza baada ya kuumia kichwa, kwa mfano kwenye ajali ya bodaboda, na ina hatari ya kuvujisha damu kwenye ubongo. Hapo ndipo MRI au CT scan ya mishipa inahitajika. Madaktari bingwa wanaweza kuiziba kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, bila kufungua fuvu.

Kelele ikianza ghafla, au ikiambatana na udhaifu wa mkono, ulimi kuwa mzito, jicho jekundu lililotokeza au kuona vitu viwiliviwili, hiyo ni ya dharura.

Matone ya mafuta ya moto, kitunguu saumu na vijiti vya pamba havifiki kwenye mshipa wa damu. Vinachoweza kufanya ni kuunguza au kutoboa ngoma ya sikio. Kuikanda shingo kwa nguvu ili kelele ikate nako ni hatari, hasa kwa mtu mzima. Usiku, feni au redio ya sauti ya chini husaidia kupata usingizi wakati vipimo vinaendelea.

Kabla ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, andika kwenye simu: ni sikio lipi, ilianza lini, inaenda na mapigo au la, na inabadilika ukigeuza shingo? Mueleze hayo kabla hajaandika dawa.