Fishabodi inaoza mapema? Angalia mgongo wake

Umehamia nyumba mpya, bati bado linang'aa. Masika mawili yakipita, ile mbao ndefu inayozunguka ukingo wa paa inaanza kubanduka rangi. Ukibonyeza kidole kwenye kona, kinazama.

Hiyo ndiyo fishabodi. Wengi wanaichukulia kama urembo tu, na kweli inapendezesha nyumba. Lakini pia inaziba ncha za kenchi zisilowe, na mara nyingi ndiyo inayobeba gata. Ikioza, gata linalegea na maji yanaanza kula kenchi. Hapo hulipii mbao peke yake: kuna jukwaa, kuna kung'oa gata, na pengine kufungua bati.

Lawama huwa kwamba fundi alinunua mbao mbaya. Wakati mwingine ni kweli. Ila mbao nzuri nayo inaoza kama ilipakwa rangi ikiwa tayari juu, upande wa mbele pekee. Mgongo mtupu, ncha tupu.

Ncha ndizo hatari zaidi. Mbao hunyonya maji haraka zaidi pale ilipokatwa kuliko ubavuni, kwa sababu ni mirija ileile iliyokuwa ikipandisha maji kwenye mti. Hata mbao iliyotiwa dawa haijapona, maana dawa haifiki katikati kila mara. Msumeno ukipita, unafungua sehemu isiyo na kinga.

Kwa hiyo praima inapakwa mbao ikiwa chini: pande zote nne na ncha zote mbili. Ikikatwa tena juu, fundi awe na kopo dogo na brashi, apake papo hapo. Ni kazi ya dakika 2, na ndiyo inayorukwa sana.

Nyumba nyingi zinatumia mbao ya 1x8 au 1x10. Kabla ya kupigilia, kamba ivutwe kona hadi kona, ncha za kenchi zikatwe kwa mstari mmoja. Ukiona fishabodi imepinda kama nyoka, ujue kamba haikuvutwa.

Kiungo cha mbao mbili kiangukie katikati ya ncha ya kenchi, siyo hewani. Zikatwe mshazari, nyuzi 45, zilaliane. Hata mbao ikisinyaa, ufa hauonekani sana. Kila kenchi ipate misumari miwili isiyoshika kutu, mmoja juu, mmoja chini. Msumari wa kawaida utalia machozi ya kutu kwenye rangi yako nyeupe.

Ukingo wa juu usizidi usawa wa papi, la sivyo bati litanyanyuka. Bati nalo lipite mbele ya fishabodi kama inchi 2 hivi, ili maji yadondokee kwenye gata badala ya kutambaa kwenye mbao.

Wapo wanaopenda fishabodi ya ngazi mbili, yaani ukanda mwembamba unapigiliwa mbele ya ile pana. Ukanda ukikaa juu kabisa, chini ya bati, hakuna shida. Ukikaa chini, unaacha kijirafu ambacho maji yanatuama. Fundi auchonge ukingo wake wa juu kwa randa uteremke kwa mbele, kisha azibe mwanya kwa gundi inayokubali rangi.

Za plastiki haziozi, lakini jua linazitanua. Skrubu zisikazwe mpaka mwisho, na kwenye viungo iachwe nafasi ndogo.

Huwezi kuwepo saiti? Mwambie fundi akutumie picha WhatsApp mbao zikiwa bado chini, migongo ikionekana.

Kama nyumba ilishaisha, panda ngazi na bisibisi kabla ya mvua. Anza na kona, halafu viungo. Ikizama bila kusukumwa, kata kipande hicho hadi kwenye kenchi iliyo nzima, weka kipya kilichopakwa praima kote.