Mipaka Ndani ya Diski

Atakaye kuweka mfumo endeshi mpya katika kompyuta yake aghalabu huanza kwa kuigawa diski ngumu mafungu, na wengi huifanya kazi hiyo kwa hofu, wasijue kwamba mipaka wanayoichora ina tarehe yake, nayo yaanzia Machi 1983, pale kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC XT, yenye diski ya megabaiti 10, pamoja na toleo la pili la DOS lililokuja na programu ya FDISK.

PC ya kwanza, ile ya 1981, ilitegemea disketi, na mwenye kutaka kubadili mfumo alichomoa disketi moja akatia nyingine. Diski iliyofungwa ndani haikutoa ruhusa hiyo. Na maadamu siku zile haikuwa dhahiri bado kwamba DOS ndiyo itakayotamalaki, ilhali CP/M-86 na mifumo ya jamii ya Unix ilikuwa ingali ikishindania soko, waundaji wa PC XT waliona ni insafu diski moja iweze kuwapokea wapangaji mbalimbali, kila mmoja na fungu lake.

Hati ya mipaka waliiweka katika sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512: baiti 446 za mwanzo ni za programu ndogo ya kuamsha mfumo, 64 zinazofuata ndizo jedwali lenyewe, na 2 za mwisho ni alama ya uthibitisho. Kila fungu hutwaa baiti 16 za kueleza laanzia wapi, ukubwa wake, aina yake, na kama ndilo la kuamshwa. Kwa hiyo yakawa mafungu manne, wala la tano halikuwa na pa kuandikwa.

Haukupita muda desturi ikageuka. DOS ilihesabu sekta za fungu kwa namba ya biti 16, hata fungu lisiweze kuzidi megabaiti 32, na mwenye diski kubwa zaidi akalazimika kuigawa, si kwa kukaribisha mfumo wa pili, bali kwa sababu ule mmoja ulikuwa ajizi wa kuifikia yote. Ndipo mwaka 1987 DOS 3.3 ikaleta fungu la nyongeza, lenye kubeba mengine ndani yake. Na FDISK ilijua kuchora mpaka na kuufuta tu. Kuusogeza haikujua, na data ya watu wengi ikapotea kwa ajili hiyo, mpaka miaka ya 1990 zilipotokea PartitionMagic, na FIPS iliyotolewa bure, ambayo wageni wa Linux waliitumia kumegea nafasi kando ya Windows.

Kwetu mafundi wengi wangali wakiweka mfumo katika fungu la C, na picha na nyaraka katika fungu la D, ili mfumo ukiharibika ufutwe peke yake. Ni desturi njema, lakini D isidhaniwe kuwa ni akiba, kwani diski yenyewe ikifa, mafungu yote hufa nayo.

Jedwali la 1983 lilikwama lilipofikia diski za terabaiti 2 na ushei. Mrithi wake, GPT, aliyeasisiwa na kampuni ya Intel, kwa kawaida hubeba mafungu 128, na nakala ya jedwali huwekwa mwishoni mwa diski. Na hata hivyo sekta ya kwanza bado huandikwa jedwali la kale, lenye fungu moja lililoenea diski nzima, ili programu kongwe isidhani kuwa ni tupu ikaandika juu yake.